Jino Lililovikwa Kofia na Maumivu Yake

Wazee wetu walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa zama zao walisema kweli, maana jino la pembe lilikuwa pambo la kinywani tu. Siku hizi mambo yamegeuka. Jino lililooza nusu yake, au lililomeguka kwa kutafuna mfupa, haling'olewi tena kwa haraka. Hupunguzwa likawa kama kigutu, kisha likavikwa kofia ya chuma, ya dhahabu au ya kauri, na mwenyewe akaendelea kutafuna kwa mzizi ule ule alioumbiwa na Mola wake. Wengine huiita taji. Sisi tutaiita kofia, kwa kuwa kazi yake ni ya kofia, nayo ni kukifunika kilichomo ndani.

Lakini liko lalamiko moja linalosikika mara kwa mara barazani na majumbani. Mtu huenda kwa tabibu wa meno hali hana maumivu makali, akalipa fedha nyingi, akatoka na kofia inayong'aa, na usiku wa pili au wa kumi jino likaanza kumuuma kuliko lilivyokuwa kabla. Hapo watu hugawanyika. Wako wanaoona haya kurudi, wakameza vidonge mwezi mzima. Wako wanaosema kwamba tabibu kawaharibia, wakamwendea mwingine na kumtaka aling'oe jino pamoja na kofia yake. Na wako wanaongoja mpaka shavu livimbe. Hawa wa kwanza na wa mwisho huidhulumu miili yao, na wale wa kati aghalabu hulipoteza jino ambalo lingepona kwa kazi ya dakika kumi.

Kabla ya kumlaumu mtu, yatupasa tulijue jino lenyewe. Kwa nje lina ganda jeupe liitwalo enameli, na katika mwili wote wa mwanadamu hakuna kitu kigumu kulishinda. Ganda hilo halina hisia. Chini yake iko dentini, yenye rangi ya manjano kidogo, nayo imejaa vijitundu vyembamba visivyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyote vikielekea ndani. Katikati mna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayoingia kwa kupitia ncha ya mzizi. Mkono ukipata jeraha huvimba, na uvimbe una nafasi ya kutanuka. Kiini cha jino kikivimba hakina pa kwenda, kwani kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Hujibana chenyewe ndani ya chumba chake, na ndiyo sababu kitu kidogo kama hicho humkesha mtu mzima mwenye nguvu zake.

Sasa, ili kofia ikae vizuri bila ya jino kuwa kubwa kupita kiasi, hapana budi jino lipunguzwe. Tabibu hupiga sindano ya ganzi, kisha hulisaga jino kuzunguka pande zote na juu yake, kiasi cha milimita moja hata mbili, na kofia ya kauri hutaka nafasi zaidi kidogo kuliko ya chuma. Chombo cha kusagia huzunguka kwa kasi kubwa na huleta joto, ndiyo maana hunyunyiziwa maji wakati wote wa kazi. Jino likisha kusagwa limevuliwa ganda lake, na vile vijitundu vya dentini vimebaki wazi. Hapo huchukuliwa sura yake ili fundi aunde kofia, na kwa wiki moja au mbili mgonjwa huvaa kofia ya muda. Saruji inayotumika sana kuishikilia kofia hiyo ya muda ni unga wa zinki uliokandwa kwa dawa itokanayo na mafuta ya karafuu. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akiingia katika chumba cha tabibu wa meno, iwe London au Cairo, na akasikia harufu anayoijua, basi asistaajabu. Ni harufu ya zao la kwao.

Tena tukumbuke kwamba jino linalohitaji kofia aghalabu limekwisha kupata mapigo mengine kabla ya hapo. Limeoza, likachimbwa, likazibwa, pengine likazibwa tena mara ya pili, kisha likapasuka. Kila pigo kiini kimelistahimili, na kusagwa kwa ajili ya kofia ni pigo moja zaidi juu ya yale ya nyuma. Kofia haiui kiini wala haikitibu. Huwekwa juu ya jino lililo hai, na lililo hai husikia maumivu. Lililobaki ni kujua ni maumivu ya namna gani, kwani hayalingani.

Aina ya kwanza haina haja ya kutushughulisha sana. Maji ya baridi hulishtua jino kwa nukta chache kisha hali hupita. Ufizi nao huwasha pale ulipoguswa na vyombo. Hayo ni ya kawaida kwa siku kadhaa, na mara nyingine kwa wiki mbili au zaidi kidogo. Kipimo chake ni mwendo wake. Ikiwa leo ni nafuu kuliko jana, na wiki hii ni nafuu kuliko ile, basi kiini kinapoa, na mtu atulie.

Ya pili ndiyo inayotusikitisha zaidi ikiachwa, kwa kuwa dawa yake ni nyepesi mno. Kofia hubandikwa hali kinywa kimekufa ganzi na mgonjwa amelala chali, akaambiwa aume, akauma, akaulizwa kama ni sawa, naye akasema ni sawa. Atajuaje, na nusu ya uso wake haipo? Ganzi ikiisha ndipo anapotambua kwamba jino lile linatangulia kugusana kabla ya mengine. Meno yetu yana hisia ya ajabu katika jambo hili, kwani hutambua kitu kilicho chembamba kuliko unywele mmoja. Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limening'inizwa kwa nyuzi laini zinazolizunguka mzizi wake, na likipigwa kila mlo, kutwa mara mamia, nyuzi zile huchubuka, na jino likawa haligusiki. Wengine huumwa hata taya na kichwa. Mtu akirudi kwa tabibu, ataumishwa karatasi yenye rangi, na pale rangi iliposhika sana patasagwa kidogo, mara nyingi bila ya sindano. Kisha humchukua siku chache tu maumivu yakamtoka. Kuna waliong'olewa meno mazima kwa sababu ya unene wa unywele!

Ikiwa kofia imesawazishwa na bado kuna mchomo mkali wakati wa kutafuna, hasa pale mtu anapoachilia kuuma, tabibu atatafuta ufa ndani ya jino. Na anayesaga meno usiku akiwa usingizini (mke wake ndiye shahidi, maana mwenyewe hajui) hufaa atengenezewe kinga ya kuvaa alalapo, la sivyo ataivunja kofia au atalipasua jino lililo chini yake.

Ya tatu ni nzito. Jino huanza kuuma lenyewe bila ya kuguswa, likadunda kama ngoma, likazidi mtu anapolala. Chai ya moto huliwasha, na maumivu hayaondoki na chai. Hukaa dakika nyingi. Wako ambao hutembea na chupa ya maji ya baridi wakisukutua, kwa kuwa baridi ndiyo inayowapa nafuu. Mara nyingine mgonjwa hawezi hata kuonyesha ni jino gani, husema upande wote unamuuma mpaka sikioni. Hizi ndizo dalili za kiini kinachokufa. Tena lipo jambo la kuhadaa hapa: baada ya siku kadhaa za mateso, maumivu huweza kukatika ghafula. Mtu hushukuru na kusema kapona, kumbe kiini kimekwisha kufa, na vijidudu vimepata nyumba isiyo na mlinzi. Wiki kadhaa baadaye, au miaka, hutokea kipele cha usaha juu ya ufizi.

Jambo hili hutokea hata kwa mikono ya fundi hodari. Wataalamu waliofuata kwa miaka mingi meno hai yaliyovikwa kofia wameona kwamba kiasi cha jino moja katika kumi, pengine zaidi kidogo, hufa kiini chake kadiri miaka inavyopita. Basi si haki kumwita tabibu mharibifu kwa kuwa jino la mtu limeangukia katika hilo moja. Lakini nasi twasema kwamba ni haki ya mgonjwa kuambiwa habari hiyo kabla ya jino lake kusagwa, wala si baada yake, na tabibu aliyenyamaza ili asipoteze mteja hakuitimiza amana yake. Dawa yenyewe ipo. Kofia hutobolewa tundu dogo kwa juu, kiini kilichoharibika kikatolewa, njia za mizizi zikasafishwa na kujazwa, kisha tundu likazibwa. Mara nyingi hata kofia haiondolewi.

Hapo msomaji atauliza: na yule ambaye kiini cha jino lake kilikwisha kutolewa zamani, kabla ya kofia, yeye huumwa na nini? Huumwa na kilicho nje ya mzizi. Huenda kofia imekaa juu sana, kama tulivyoeleza. Huenda mzizi umepasuka, na hapo mara nyingi jino haliokoki. Au huenda iko njia moja ya mzizi haikuonekana wakati wa matibabu. Gego kubwa la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini aghalabu lina njia nne, na hiyo ya nne ni nyembamba na imejificha, imewasumbua matabibu wa kila nchi.

Yako pia maumivu ya ufizi peke yake. Nyuzi za nyama hunasa kati ya kofia na jino la jirani, zikaoza pale, ufizi ukawa mwekundu na kutoa damu. Kofia haiozi, lakini jino huoza pale ukingo wa kofia unapokutana na ufizi, na hapo ndipo mswaki unapotakiwa kufika, wa mti au wa duka, pamoja na uzi wa kupitisha katikati ya meno.

Nyumbani afanye nini mtu usiku ule kabla hajafika kwa tabibu? Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Aweza kumeza parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Aibuprofeni ni bora zaidi kwa maumivu ya jino, ila si ya mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye maradhi ya figo, wala mama aliyepita nusu ya ujauzito, na wako wenye pumu wasiopatana nayo. Tone la mafuta ya karafuu juu ya pamba lina manufaa, lakini likizidi huunguza ufizi. Na aspirini isibandikwe kamwe pembeni mwa jino, kama wafanyavyo wengi. Ni tindikali, huchoma nyama ya shavu ikawa nyeupe kama iliyopikwa, na mgonjwa akawa na maumivu mawili.

Twataka kusema neno juu ya antibayotiki, kwa kuwa sasa hununuliwa kama peremende. Dawa hizo haziondoi maumivu ya kiini kilichovimba. Chama cha matabibu wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba zisitolewe kwa maumivu ya namna hiyo ikiwa jino lenyewe laweza kutibiwa, na zitumike pale ugonjwa unapokwisha kuenea mwilini, kama vile mgonjwa kuwa na homa. Anayemeza vidonge vinne vya kuokota dukani na kuacha hajalitibu jino, na amewafundisha vijidudu vyake namna ya kuishinda dawa siku atakapoihitaji kwa ajili ya uhai wake.

Siku hiyo huweza kuwa karibu. Mwaka 1836 tabibu wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliuandika uvimbe unaoanzia chini ya ulimi na kidevu, mgumu kama ubao, unaoinua ulimi juu na kuziba njia ya pumzi. Aghalabu asili yake ni gego la chini lenye ugonjwa katika mzizi. Hata leo, pamoja na dawa zetu zote, uvimbe huo huua. Kwa hiyo mtu mwenye jino baya akiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, au umepanda kuelekea jichoni, au hawezi kumeza mate, au sauti imebadilika, au kinywa hakifunguki, au ana homa na kutetemeka, basi asingoje asubuhi. Aende hospitali kubwa usiku ule ule. Mwenye kisukari awe mwepesi zaidi wa kwenda. Na mtu wa makamo anayeumwa taya huku kifua kikimbana na jasho jembamba likimtoka, huyo asimtafute tabibu wa meno kabisa. Moyo nao huweza kuonyesha maumivu yake tayani.

Wengi hungoja kwa sababu ya Ramadhani. Wanadhani kwamba wakifungua kinywa mbele ya tabibu saumu yao imekwenda, basi huvumilia mpaka Idi, na Idi huwakuta wamefunga shavu kwa kitambaa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, iliamua kwamba kuchimba jino, kuling'oa, au kusafisha meno hakufunguzi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Kidonge cha kumeza hufunguza, bila ya shaka, nacho huwekwa wakati wa futari na wa daku. Na aliyezidiwa na maradhi amekwisha kupewa ruhusa na Mola wake kula na kulipa siku nyingine.

Na wanaume huulizana juu ya kofia ya dhahabu. Swahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, alitengeneza pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Habari hiyo wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi, na kwa msingi wake wanavyuoni wameruhusu dhahabu katika jino panapokuwa na haja. Matabibu wa Kiislamu waliitumia. Az-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, akaipendelea dhahabu kwa kuwa fedha huharibika kinywani.

Haja ni jambo moja, na pambo ni jingine. Vijana wetu wanaoishi Ulaya wanawaona wenzao wakipanda ndege kwenda Uturuki, wakarudi baada ya wiki na meno ishirini yenye weupe wa sahani. Baadhi yao walikuwa na meno mazima yasiyo na ugonjwa wowote, na yote yamesagwa yakawa vigutu ili yavikwe kofia. Hadithi ya kuwalaani wenye kuyatia meno mwanya kwa ajili ya uzuri, na kulibadilisha umbo la Mwenyezi Mungu, imo katika Bukhari na Muslim, na kila kijana atazame mwenyewe jambo lake liko wapi. Sisi tutamwongezea hesabu ya kidunia. Enameli iliyosagwa haioti tena. Kofia hudumu miaka kumi, kumi na mitano, pengine ishirini, kisha hutaka kubadilishwa. Aliyevikwa akiwa na miaka ishirini na miwili atazilipia tena na tena maisha yake yote. Na ile hesabu ya jino moja katika kumi ipige kwa meno ishirini.

Mwenye haja ya kweli asiogope. Kabla ya kazi kuanza amwulize tabibu kama jino li hai, kama limepigwa picha ya eksirei, na kama kiini kikifa baadaye nani atakilipia. Siku ya kubandikwa asiinuke katika kiti mpaka ameuma upande huu na upande huu, na ganzi ikiisha aume tena mbele ya kioo nyumbani. Akiona jino linatangulia, apige simu kesho yake bila ya haya.

Na kofia ikianguka yenyewe, isitupwe wala isirudishwe kwa gundi ya dukani. Ioshwe, iwekwe katika kichupa, ipelekwe kwa tabibu mapema kabla meno ya jirani hayajaegemea pengo. Mara nyingi hubandikwa ile ile. Ikimezwa, kwa kawaida hupita salama pamoja na chakula. Lakini ikimponyoka mtu hali amelala, akaamka anakohoa na pumzi ikitoa mluzi, hiyo imeingia njia ya pumzi, naye achukuliwe hospitali saa ile ile.